Tanga Ikitanda Mawingu: Namna ya Kuupiga Picha Mlima Unaojificha

Ukisimama Raskazone saa nane mchana wa kiangazi ukatazama magharibi kuvuka ghuba, huenda usione mlima hata mmoja. Maji yanameta, Kisiwa cha Toten kimekaa kama kichaka kilichosahauliwa baharini, na nyuma yake ni weupe mtupu. Mgeni anaweza kulala Tanga wiki nzima akaondoka bila kujua kwamba Usambara Mashariki imesimama pale, kiasi cha kilomita 40 tu, vilele vyake vikipita mita 1,000. Kisha mvua inanyesha usiku. Asubuhi mawingu yamejaa, watu wanaahirisha safari za ufukweni, na hapo ndipo mlima unapotoka, buluu iliyoiva, kila kunjo lake likihesabika.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo ambayo wengi hufunga kamera kabatini. Huhitaji kamera ya gharama. Simu inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii, na pale isipotosha nitasema.

Kwa nini usubiri mawingu

Kati yako na mlima pana kilomita 40 za hewa, na hewa ya pwani si tupu. Imebeba chumvi ya mawimbi, vumbi, mvuke, na moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya masika. Jua la utosi likiipiga, kila chembe inang'aa. Ni kama kuchungulia nje kupitia dirisha lenye vumbi wakati taa imelimulika: unaliona vumbi, huuoni uwanja. Dawa ni mbili: uoshe kioo, au uzime taa. Mvua inaosha. Wingu linazima, kwa kuitia kivulini ile hewa iliyo katikati. Siku ya mawingu baada ya mvua unapata zote mbili bila malipo.

Halafu kuna tundu. Wingu likipasuka, jua hupenya mahali pamoja na kuangukia mahali pamoja: mteremko mmoja, tanga la ngalawa moja, kipande cha maji. Vyote vilivyo pembeni vinabaki gizani. Hewa ikiwa na unyevu kidogo, utaiona hata njia ya mwanga wenyewe ikishuka kama kamba. Kwa hiyo kazi yako siku hiyo ni kuwinda tundu. Jua lenyewe liache.

Upepo nao una zamu zake. Alfajiri huvuma umande, ule upepo mwepesi utokao bara, na mara nyingi safu huwa wazi. Nchi ikishapata joto, upepo wa bahari huanza kusukuma unyevu kuelekea bara. Ukifika Usambara hauna pa kwenda ila juu, na hewa yenye unyevu ikipanda hupoa ikawa wingu. Kufika saa nne au saa tano mlima umeshavaa kilemba. Wakati wa kusi, upepo unapotoka kusini mashariki moja kwa moja baharini, kilemba huvaliwa mapema na kuvuliwa kwa shida. Ukichelewa kuamka, usilaumu kamera.

> KISANDUKU: Lisome anga kabla hujatoka
>
> *Mafungu ya mawingu yenye nyufa:* toka. Hii ndiyo siku ya miale.
>
> *Giza upande wa mlima, mwanga upande wa bahari (asubuhi):* kimbia. Jua la mashariki litaangaza mashua zilizo mbele yako huku nyuma kukiwa na ukuta wa rangi ya wino. Mvua ikiwa inanyesha kule, tazama upinde: hutokea upande ulio mkabala na jua, na jua liwe bado chini, yaani kabla ya saa tatu asubuhi hivi, au baada ya saa tisa na nusu alasiri mvua ikiwa upande wa bahari.
>
> *Utando mmoja wa kijivu usio na mshono:* hakuna miale leo. Piga nyavu, mikoko, sura za watu. Mwanga ni laini na hauumizi macho.
>
> *Radi inasikika:* ingia ndani. Ufuo ulio wazi na tripodi ya chuma mkononi si mahali pa kuwa. Utabiri wa siku wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikose kuusoma.

Asubuhi au jioni?

Hizi ni picha mbili tofauti kabisa, na wengi huzichanganya.

Mlima uko magharibi ya mji. Asubuhi jua linatoka baharini, mgongoni kwako, na kuumulika mlima usoni. Unapata rangi, misitu, makorongo, wakati mwingine wekundu wa dakika tano kwenye vilele. Jioni jua linakwenda nyuma ya mlima. Rangi za mteremko zinakufa, unabaki na umbo: mgongo mweusi, mwingine wa kijivu nyuma yake, na moto juu. Miale mizuri zaidi ni ya jioni, kwa sababu mwanga unakujia wewe na kila tundu la wingu linachora mstari.

Mwezi nao una neno. Machi na Septemba jua huzama magharibi kamili, na ukiwa Tanga mjini huo ni upande wa Amani, kule mlimani. Juni na Julai husogea kaskazini kidogo, lakini bado linaangukia kwenye safu. Desemba hukimbilia kusini na kuiacha milima kando. Mtu anayetaka jua lizame mlimani asije Krismasi.

Usitegemee jioni ndefu. Tuko kama digrii tano kusini ya ikweta, na jua likishazama unabaki na dakika 20 na ushei kabla giza halijatawala. Mlima pia hulimeza jua dakika chache kabla ya saa iliyoandikwa kwenye simu yako. Jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi. Wewe uwe umesimama mahali pako saa kumi na moja.

Nakiri kosa langu. Jioni moja ya vuli nilingoja mpaka jua likazama ndani ya wingu zito, nikakunja tripodi, nikapanda bajaji kurudi mjini. Tulipofika kwenye mzunguko, tumbo lote la wingu likawaka rangi ya embe dodo kutoka Pongwe mpaka juu ya bahari. Dereva alipunguza mwendo apate kutazama. Mimi kamera ilikuwa ndani ya mfuko, ndani ya mfuko mwingine. Jua likishuka chini ya upeo huangaza mawingu kwa chini, na hilo hutokea dakika kumi au kumi na tano baada ya watu kuondoka. Siku hizi sikunji kitu mpaka nishindwe kusoma namba kwenye lenzi.

Tatizo la udogo

Nyoosha mkono, laza kidole gumba juu ya mstari wa mlima. Safu nzima, kutoka tambarare hadi kileleni, inajificha nyuma ya kidole. Jicho lako huukuza mlima kwa sababu unaupenda. Kamera haina upendo huo. Ndiyo maana picha nyingi za Usambara zilizopigwa kutoka Tanga zinaonyesha maji mengi, anga jingi, na mstari mwembamba wa penseli katikati.

Njia za kutoka hapo:

1. Tumia lenzi ndefu. Kuanzia milimita 100 hadi 200 mlima unakuwa mlima, na ngalawa iliyo mita 300 kutoka kwako inaonekana kama imeegeshwa chini yake. Hapa simu nyingi zinashindwa. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kukuza mara mbili au tatu, itumie. Kuvuta kwa vidole kupita hapo ni kukata tu kipande cha picha na kukitanua, na matokeo yake ni uji.

2. Au fanya wingu kuwa habari yenyewe. Ukiwa na lenzi pana, shusha mstari wa upeo mpaka robo ya chini ya picha. Anga lichukue robo tatu. Mlima ubaki kama pindo la kanga.

3. Au usogee. Panda gari la Muheza. Kadiri unavyokwenda bara mlima unapanda, na ukifika Muheza umeshakuwa ukuta. Njiani kuna mashamba ya mkonge, na mkonge ni zawadi kwa mpiga picha: mistari iliyonyooka kama rula inayokimbilia mlimani. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yote unayoyaona. Shamba ni la mtu, kwa hiyo uliza getini. Ukichuchumaa mpaka ncha za majani zikate mstari wa milima, mwenyewe utaona.

Kwa msomaji wa Diani au Ukunda, vilima vya Shimba viko magharibi yako vilevile, na mengi ya hapa yanakuhusu. Havifikii nusu ya urefu wa Usambara lakini viko karibu zaidi.

Maji yapwe au yajae?

Hapa wapiga picha wa bara hupotea. Bahari ya kwetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi siku za bamvua, na ufuo wa saa nne asubuhi si ule wa saa kumi jioni. Mchanga uliolowa ni kioo: unaakisi wingu, na wingu likiwa na moto, mchanga unawaka pia. Utataka kioo hicho kiwepo jua linapochomoza au kuzama.

Sasa sikiliza. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa kabisa katikati ya asubuhi, kwenye saa nne, kisha tena usiku. Jua la jioni linakuta maji ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Ni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndipo maji hupwa karibu na macheo na machweo. Hayatoki mbali, lakini kioo chembamba kinatosha. Huna jedwali la maji? Muulize mvuvi. Anza na shikamoo kama ni mkubwa wako, kisha swali: "Mzee, leo maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama chochote.

Ukitoka kwenda kwenye fungu la mchanga, tazama nyuma kila dakika kumi. Maji yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo kati yako na ufuo. Na ukitembea ndani ya maji, buruta nyayo badala ya kukanyaga, ili taa aliyelala mchangani apate kukuondokea.

Kupiga kwa simu

Kamera yoyote, ya simu au ya begani, ina tabia moja: ikikutana na giza hudhani umekosea, ikaongeza mwanga. Wingu zito linageuka pamba chafu, na lile tundu la jua linakuwa doa jeupe lisilo na kitu ndani. Kila hatua hapa chini ni ya kuizuia isikusaidie.

1. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Alama ya kidole ikikutana na jua hutapakaza ukungu picha nzima.
2. Washa mistari ya gridi, na ulaze upeo wa bahari sawasawa nayo. Bahari iliyopinda inamwagika.
3. Gusa sehemu angavu ya wingu, pembeni ya jua, ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge.
4. Telezesha kidole chini mpaka uone umbo ndani ya weupe. Mlima utaonekana mweusi mno. Uache.
5. Kama simu yako inaruhusu kuzima HDR, izime. Mtindo huo huchanganya picha kadhaa ili kivuli kiinuke na anga lishuke. Kwa picha ya harusi ni msaada. Hapa unafuta kilekile ulichokifuata.
6. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi, piga tatu au nne mfululizo.

Kupiga kwa kamera

Weka ISO 100 au 200, tundu la lenzi f/8, na fidia ya mwanga chini kwa stopu moja, yaani nusu ya mwanga ambao kamera ingeutaka. Miale ikiwa mikali shuka hadi stopu mbili. Tazama histogramu: kilima chake kisigongane na ukuta wa kulia. Kasi ya shata isiwe chini ya 1/200 kama unashika lenzi ya milimita 200 kwa mkono. Mashua ikiwa katika mwendo, panda hadi 1/500 na uongeze ISO bila woga. Hifadhi kwa RAW. Fokasi uiweke kwenye mstari wa mgongo wa mlima, usiiache ihangaike kwenye wingu lisilo na kona.

Kichujio cha poleraizi kina faida asubuhi, kwa kuondoa mng'ao juu ya mchanga na majani. Jioni ukielekea jua kitoe, kinakula mwanga bure.

Kungoja

Hii ndiyo sehemu nisiyoweza kuipigia namba. Tundu la wingu linatembea. Litazame linakoelekea, kadiria doa la jua litaangukia wapi baada ya dakika mbili au tatu, kisha tayarisha picha ya mahali *hapo* na si pale linapong'aa sasa. Mwanga juu ya kijiji kimoja mlimani hukaa nusu dakika, mara nyingine chini ya hapo. Anayeanza kubadilisha lenzi alipouona, ameshaukosa. Chagua sura ya picha mapema, funga vipimo, weka kidole kwenye kitufe, na uzungumze na aliye karibu. Nimekaa saa mbili nikapata picha mbili. Nimekaa saa tatu nikapata mbu.

> KISANDUKU: Makosa ninayoyaona mara kwa mara
>
> – Kutoka chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja mpaka ufuoni. Lenzi baridi ikikutana na hewa ya unyevu hupata ukungu, na jua halikungoji. Toa kamera nje ikiwa ndani ya mfuko wake nusu saa kabla.
>
> – Kubadilisha lenzi penye upepo. Chumvi na mchanga vikiingia ndani vinakaa.
>
> – Kusimika tripodi pale wimbi linapofika. Kila wimbi likirudi linachimba chini ya miguu, picha inalala bila wewe kujua.
>
> – Kuongeza rangi nyumbani mpaka mlima uwe zambarau. Aliyezaliwa Muheza atakucheka.
>
> – Kuondoka mvua inapoanza. Mwisho wa mvua ndio mwanzo wa mwanga; tafuta kibanda, ungoje.

Ruhusa

Ghuba ya Tanga ni bandari. Usielekeze lenzi kwenye gati, maghala, vyombo vya ulinzi au askari, hata kama mlima uko nyuma yao kwa uzuri wa ajabu. Zunguka kona, utaupata mahali pengine. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali, usiirushe kwa kubahatisha. Ukipanda hadi msitu wa hifadhi wa Amani, pita ofisini kwanza, kuna ada na taratibu.

Watu ni watu kabla ya kuwa umbo jeusi mbele ya machweo. Mvuvi anayetengeneza wavu wake yuko kazini. Msalimu, mweleze unachotaka, na akikataa sema ahsante usogee. Akikubali, mwonyeshe picha kwenye kioo.

Kabla ya kufunga mlango

- [ ] Betri imejaa, na ya akiba ipo
- [ ] Kadi au simu ina nafasi
- [ ] Vitambaa viwili: kimoja kikavu, kimoja kimeloweshwa maji baridi ya bomba kwa ajili ya chumvi
- [ ] Mfuko wa nailoni unaotosha kufunika kamera yote
- [ ] Viatu vya kuingia majini, na tochi ya kurudia
- [ ] Saa za maji umeuliza
- [ ] Mtu nyumbani anajua uko ufuo gani

Ukirudi

Futa mwili wa kamera na miguu ya tripodi kwa kile kitambaa chenye maji baridi usiku huohuo, kabla ya chai. Chumvi haingoji kesho. Lenzi ipulize kwanza kwa kipulizio, ndipo uifute. Ukianza kwa kufuta unasugua mchanga juu ya kioo.

Kwenye kuhariri kuwa mchoyo. Nyoosha upeo. Ongeza kina cha weusi kidogo mpaka migongo ya mlima iachane, mmoja mbele, mwingine nyuma. Kama rangi ni dhaifu, jaribu nyeusi na nyeupe: siku ya kijivu mara nyingi ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Usiondoe ule ubuluu wa mbali ukidhani ni kasoro. Ni hewa hiyo, kilomita 40 zake, na bila yake mlima utaonekana kama kichuguu nyuma ya uzio.

Na kama ulimwahidi yule mvuvi picha, mtumie kwa WhatsApp usiku huo, kabla hujaanza kuchagua zako.